Mfuko mmoja, hataza kumi: urudufu wa hataza kwenye tiba za seli za kinga

Chukua mfuko mmoja wa tiba ya CAR-T. Ndani yake mna seli T za mgonjwa mwenyewe: zilichujwa kutoka kwenye damu yake, zikaingizwa jeni mpya, zikakuzwa maabara, zikagandishwa, zikarudishwa hospitali. Mfuko ni mmoja, na kwa wagonjwa wengi humwagwa mshipani mara moja tu. Lakini mwanasheria wa hataza akiutazama mfuko huo haoni kitu kimoja. Anaona kipokezi bandia kinachoitambua saratani, na mfuatano wa DNA unaokiunda kipokezi hicho. Anaona kirusi kilichoibeba DNA hiyo, seli yenyewe, njia ya kuikuza, njia ya kumtibu mgonjwa, dozi, na dawa anazopewa mgonjwa siku chache kabla ili seli mpya zipate nafasi mwilini. Kila kimoja kinaweza kuandikiwa dai lake, yaani sentensi inayochora mpaka wa kinacholindwa, na kila dai linaweza kuishia kwenye hataza yake. Ombi la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lililoanza Desemba 2010, ambalo ni msingi wa dawa ya Kymriah, limezaa hataza zaidi ya kumi nchini Marekani pekee.

Hapo ndipo mkaguzi wa Ofisi ya Hataza ya Marekani anapouliza: je, hizi ni hataza kumi za uvumbuzi kumi, au ni uvumbuzi mmoja uliovalishwa nguo kumi? Swali hilo ndilo urudufu wa hataza. Jibu likikosewa, kinachopotea ni miaka ya mwisho ya hataza, na kwa dawa ya aina hii miaka ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko yote, kwa kuwa ya mwanzo huliwa na majaribio.

Dai hulinganishwa na dai

Urudufu uko wa aina mbili. Wa kwanza unatoka kwenye sheria ya hataza ya Marekani yenyewe, kifungu cha 101: uvumbuzi mmoja, hataza moja. Kipimo chake ni kikali ila ni rahisi kukikwepa. Unajiuliza kama kuna kitu kinachoweza kuvunja dai moja bila kuvunja la pili. Kikiwepo hata kimoja, madai hayo si ya uvumbuzi ule ule. Dai la “seli T yenye kipokezi X” na dai la “seli T ya binadamu yenye kipokezi X” yameshaachana, maana seli ya panya inavunja la kwanza bila kugusa la pili. Ukinaswa kwenye aina hii hakuna hati ya kukuokoa. Unafuta dai au unalirekebisha.

Aina ya pili ndiyo inayosumbua watu. Hii ilitungwa na mahakama: mmiliki yule yule, au mvumbuzi yule yule, asipate hataza ya pili kwa jambo ambalo ni tofauti ya dhahiri tu ya alichokwisha dai kwenye ya kwanza, kisha hiyo ya pili ikaishi kuliko ya kwanza. Sababu zake ni mbili, na zote ni za haki. Hataza ikifika mwisho umma uachiwe uvumbuzi pamoja na vile vinavyofanana nao. Na mtu asije akashitakiwa na wamiliki wawili kwa tendo moja.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye majibu ya waombaji, na hata kwenye barua za wakaguzi, ni kulinganisha dai jipya na maelezo ya hataza ya kwanza, yaani maandishi marefu yanayoufafanua uvumbuzi. Sivyo. Dai hulinganishwa na dai. Maelezo ya hataza ya kwanza hutumika kama kamusi, kujua neno lililomo kwenye dai lina maana gani. Kwamba ukurasa wa 40 wa hataza ya kwanza unataja seli NK, aina nyingine ya seli za kinga, hakufanyi dai lako jipya la seli NK kuwa urudufu, ikiwa madai ya hataza ile yanasema seli T tu. Mkaguzi lazima aonyeshe kwa nini mtaalamu angeona ni dhahiri kutoka seli T kwenda seli NK, tena aonyeshe kwa ushahidi.

Kesi inayofundisha jambo hili vizuri haina seli hata moja. Mwaka 1970 mahakama iliamua suala la Vogel, aliyekuwa na hataza ya njia ya kufungasha nyama ya nguruwe ili isiharibike mapema. Ombi lake la pili lilikuwa na madai ya “nyama” kwa jumla, na dai jingine la nyama ya ng'ombe. Dai la ng'ombe lilipona, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba kuharibika kwa nyama ya ng'ombe kunaweza kutabiriwa kutokana na madai yaliyohusu nguruwe. Madai ya “nyama” yaliangushwa: nguruwe ni nyama, hivyo dai pana lingeendelea kuizuia njia ya nguruwe hata baada ya hataza ya kwanza kwisha.

Sasa hamisha kanuni hiyo maabara. Kipokezi cha CAR kina sehemu zinazofuatana: kipande cha kingamwili kinachoshika shabaha, bawaba, sehemu inayopenya utando wa seli, sehemu ya kuchochea ambayo kwa kawaida ni 4-1BB au CD28, na mwisho CD3 zeta inayowasha seli. Kymriah na Yescarta, dawa mbili za CAR-T, zote zinalenga CD19, protini iliyo juu ya seli za saratani, kwa kipande cha kingamwili kinachotokana na kingamwili iitwayo FMC63. Ya kwanza ina 4-1BB, ya pili ina CD28. Ukipata kwanza hataza ya kipokezi chenye mfuatano kamili wa FMC63, kisha ukaomba dai la “kipande chochote kinachoshika CD19”, uko mahali pa Vogel na nyama yake: mahususi imetangulia, jumla imefuata, na jumla inaimeza mahususi. Mwaka 1993, katika suala la Goodman, mahakama ilirudia kanuni hiyo kwa madai ya kutengeneza protini za mamalia ndani ya seli za mimea. Mpangilio wa kinyume una nafuu. Hataza ya jumla ikitangulia, dai la baadaye la mfuatano mahususi halifi moja kwa moja, kwa sababu jumla haimfunulii mtaalamu kila kilichomo ndani yake. Hapo data za mshikamano wa kipokezi na shabaha, au za seli kudumu mwilini bila kuchoka, zinakuwa silaha.

Kuna shinikizo jingine linalowasukuma waombaji kwenye madai mahususi mengi. Kesi ya Juno dhidi ya Kite iliwaonyesha hatari ya dai pana. Dai lilikuwa la kipande cha kingamwili bila kukitaja ni kipi, ilhali maelezo yalionyesha viwili tu. Agosti 2021 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ililibatilisha kwa upungufu wa maelezo, na malipo ya takriban dola bilioni 1.2 yakafutika. Tangu hapo waandishi wa madai wanakata vipande vidogovidogo: hataza hii kwa mfuatano huu, ile kwa ule. Vipande vikiwa vingi na vya jirani, urudufu unangoja mlangoni. Ukikimbia upana unaangukia wingi, na mwandishi mzuri huamua mapema ni wapi atasimama kati ya hayo mawili.

Matumizi na matibabu: pale kamusi inapogeuka

Nimesema maelezo ni kamusi tu. Kuna kona moja ambako kanuni hiyo inapinda, na kona hiyo iko katikati ya tiba za seli. Ikiwa hataza ya kwanza inadai kitu, na maelezo yake yanataja kitu hicho kinafaa kwa kazi gani, basi dai la baadaye la kukitumia kitu hicho kwa kazi ile ile linaweza kuhesabiwa urudufu. Mahakama ilisema hivyo kwenye kesi ya Pfizer dhidi ya Teva mwaka 2008, kisha mwaka 2010 kwenye ya Sun dhidi ya Eli Lilly kuhusu gemcitabine. Kwenye hii ya pili hataza ya kwanza ilidai kampaundi, na maelezo yake yakataja matumizi dhidi ya virusi na pia dhidi ya saratani. Hataza ya pili, iliyodai matibabu ya saratani, ikaanguka.

Tazama inavyomgusa mtu wa CAR-T. Ombi la kwanza linadai seli yenye kipokezi cha BCMA, yaani kinachoshika protini ya BCMA iliyo juu ya seli za mieloma. Maelezo yake, kama kawaida ya maelezo, yameorodhesha kila kitu: mieloma, limfoma, na hata magonjwa ya kinga kushambulia mwili kama lupasi. Miaka mitatu baadaye kampuni ina matokeo mazuri ya lupasi na inaomba dai la kutibu lupasi kwa seli ile ile. Orodha ile iliyoandikwa kwa kujihami imekuwa kamba ya kumfunga mwenyewe.

Kinachosaidia ni dai jipya kubeba jambo ambalo orodha haikulifunua. Si “kutibu lupasi kwa seli hizi”, bali dozi fulani, kwa mgonjwa aliyeshindwa dawa fulani, baada ya maandalizi fulani. Kwa Yescarta dozi ya limfoma ni seli hai milioni 2 zenye CAR kwa kila kilo ya mgonjwa, zisizidi milioni 200, baada ya siku tatu za cyclophosphamide miligramu 500 na fludarabine miligramu 30 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku. Namba za namna hii zikiwa na data inayoonyesha kwamba zilileta tofauti ambayo mtaalamu asingeitegemea, dai lina mahali pa kusimama. Zikiwa zimechukuliwa tu kutoka kwenye desturi ya hospitali, hazisaidii.

Tamko la kuachia muda, na saini inayogharimu miaka

Dawa ya urudufu wa aina ya pili ni tamko la kuachia muda. Mwombaji anaandika kwamba hataza yake mpya haitaishi kupita hataza ya kulinganishia, yaani ile aliyoitaja mkaguzi, na kwamba itakuwa na nguvu pale tu zote mbili zikiwa za mmiliki mmoja. Mkaguzi anaondoa pingamizi, hataza inatoka. Kwa sheria, tamko hilo si kukiri kwamba dai lilikuwa dhahiri. Ni fomu fupi, na ufupi wake ndio hatari yake.

Fuata tarehe za mfano huu niliouunda. Kampuni inafungua Ombi A tarehe 1 Machi 2018, la seli yenye kipokezi cha BCMA, bila kudai tarehe ya ombi lolote lililotangulia. Hataza ya Marekani huishi miaka 20 tangu tarehe ya ombi, hivyo mwisho wake ni 1 Machi 2038. Ofisi ilichelewa. Sheria inaipa miezi 14 ya kutoa barua ya kwanza ya ukaguzi, na miaka 3 ya kumaliza kazi yote. Ikizidisha, mwombaji hufidiwa siku. Tuseme A imefidiwa siku 400. Mwisho wake unasogea hadi 5 Aprili 2039. Ombi B ni mwendelezo wa A, yaani ombi linalofuata lenye maelezo na tarehe ya A, la njia ya kutibu, lililopita haraka bila siku ya fidia: linaisha 1 Machi 2038. Ombi C ni jipya, halidai tarehe ya A, limefunguliwa 10 Juni 2020 kwa njia ya kukuza seli zile zile kwa IL-7 na IL-15, saitokini mbili, yaani protini zinazochochea seli za kinga. Bila kizuizi, C ingeishi hadi 10 Juni 2040.

Mkaguzi anaandika pingamizi dhidi ya C kwa kutaja A na B pamoja, aya moja. Mwanasheria aliyebanwa na kazi anasaini tamko kwa zote mbili. C sasa inaisha na ile inayokufa mapema, yaani B: 1 Machi 2038. Imepoteza miaka 2 na miezi zaidi ya 3. Angesimama kidogo angeona kwamba B inadai kumtibu mgonjwa, na kutoka kwenye dai la kutibu hadi kwenye dai la kukuza seli kwa saitokini mbili kuna umbali wa kubishania. Angelipinga pingamizi la B kwa hoja, akasaini kwa A peke yake, C ingeishi hadi 5 Aprili 2039. Saini moja isiyo ya lazima imekula miezi 13. Kila hataza ya kulinganishia ijibiwe peke yake, hata kama mkaguzi amezifunga fungu moja.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini A haikuizuia C kama uvumbuzi uliokwisha kujulikana? Kwa sababu sheria ya sasa inasamehe ombi la awali la mmiliki yule yule, na inasamehe pia chapisho la mvumbuzi mwenyewe ikiwa ombi jipya limefunguliwa ndani ya mwaka mmoja. A ilichapishwa miezi 18 baada ya kufunguliwa, yaani Septemba 2019, na C ikaingia Juni 2020. Msamaha huo hauhusu urudufu. Ndiyo maana barua ya ukaguzi inaweza kuwa safi kila mahali, kisha ikabakia na pingamizi hili moja.

Na pingamizi likiwa la muda tu, yaani maombi yote mawili bado yako mezani, usikimbilie kusaini. Mwongozo wa ofisi unamwelekeza mkaguzi kwamba pingamizi la urudufu likiwa ndilo pekee lililobaki kwenye ombi lenye tarehe ya mapema zaidi, aliondoe na aliachie ombi hilo. Madai ya ombi la pili yanaweza kubadilika mara kumi kabla ya kukubaliwa; kuachia muda kwa ajili ya dai ambalo huenda lisizaliwe ni hasara ya bure. Angalia pia kalenda ya majibu. Una miezi 3 ya kujibu, na unaweza kununua nyongeza hadi miezi 6, lakini kila siku baada ya miezi 3 hukatwa kwenye siku zako za fidia.

Cellect, kisha Allergan

Tarehe 28 Agosti 2023 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliitikisa fani nzima kwa uamuzi wa Cellect. Hataza nne za familia moja, zenye mzizi mmoja wa tarehe, kila moja ikiwa na siku zake za fidia, zilibatilishwa kwa urudufu. Mahakama ilisema ulinganishaji hufanywa kwa tarehe ya mwisho baada ya kuongeza siku za fidia. Siku alizopewa mwombaji kwa ucheleweshaji wa ofisi zikageuka sababu ya kumnyang'anya hataza yote. Kibaya zaidi, hataza zenyewe zilikuwa zimekwisha muda, na tamko la kuachia muda halifunguliwi kwa hataza iliyokufa. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo.

Kwa muda wa karibu mwaka mzima watu waliogopa kwamba hata hataza mama, ile ya kwanza kabisa kwenye familia, inaweza kuuawa na mtoto wake. Kwenye mfano wetu, A yenye siku 400 ingekuwa hatarini kwa sababu ya B. Tarehe 13 Agosti 2024 kesi ya Allergan dhidi ya MSN ikaleta nafuu: dai lililoombwa kwanza, likatolewa kwanza, ingawa linaisha baadaye, haliwezi kubatilishwa na dai la familia ile ile lililoombwa baadaye, likatolewa baadaye na kuisha mapema. Hataza iliyookolewa ilikuwa na siku 467 za fidia.

Soma nafuu hiyo kwa umakini, kwa sababu ina masharti mawili kwa pamoja: kuombwa kwanza na kutolewa kwanza. Familia za CAR-T hukiuka sharti la pili kila mara. Dai la seli hugombaniwa na mkaguzi miaka mitano, huku mwendelezo wenye dai finyu la matibabu ukipita kwa njia ya haraka na kutolewa kwanza. Mama bado yuko foleni, mtoto kashapata cheti. Mwenye familia ya namna hii asijibweteke kwa jina la Allergan. Achore tarehe zake tatu, ya kuombwa, ya kutolewa na ya kuisha, kwa kila hataza, aone ni ipi iko nje ya kinga. Pengine mwendelezo unafaa usubiri. Miezi michache ya subira kwa dai la pembeni ni nafuu kuliko kuhatarisha dai la seli yenyewe.

Mei 2024 ofisi ya hataza ilipendekeza kanuni kali zaidi: hataza iliyofungwa na nyingine kwa tamko ingekosa nguvu hata dai moja la ile nyingine likibatilishwa. Pendekezo liliondolewa Desemba 2024. Naona liliondolewa kwa haki, kwani lingeadhibu dai zuri kwa kosa la jirani yake.

Agizo la kugawanya, kinga inayopotea kwa neno moja

Ombi la kwanza la CAR-T mara nyingi hupokewa na agizo la kugawanya. Mkaguzi anasema hapa kuna uvumbuzi zaidi ya mmoja: kundi la kwanza kipokezi na DNA yake, la pili seli, la tatu njia ya kutengeneza, la nne njia ya kutibu. Chagua moja. Watu hulalamika, lakini agizo hili ni zawadi. Kifungu cha 121 kinasema ukigawanya kwa kuagizwa, ombi mama na ombi la mgawanyo hayawezi kutumiwa kama urudufu dhidi ya mwenzake. Hakuna tamko, hakuna muda unaoachiwa.

Zawadi hiyo ni rahisi kuivunja. Inahusu ombi la mgawanyo tu. Mahakama imeinyima maombi ya mwendelezo yenye maudhui ya nyongeza kwenye kesi ya Pfizer iliyotajwa juu, na maombi ya mwendelezo wa kawaida kwenye kesi ya Amgen dhidi ya Roche mwaka 2009. Mwaka 2018 kwenye suala la Janssen, kuhusu kingamwili infliximab, mwombaji alijaribu kurekebisha hataza iliyokwisha kutolewa ili ihesabiwe ya mgawanyo; mahakama ikakataa. Kwa hiyo neno unaloliandika siku ya kwanza kwenye karatasi ya taarifa za ombi, “mgawanyo” au “mwendelezo”, ni uamuzi wa mamilioni, na kwenye ofisi nyingi huachiwa karani.

Mstari aliouchora mkaguzi nao uheshimiwe. Ukichukua kundi la nne, la kutibu, kisha katikati ya safari ukaingiza dai la seli kutoka kundi la pili, umeruka ua na kinga imekwisha. Mtego mwingine ni mwema kwa sura: dai la seli likikubaliwa, mkaguzi anaweza kurudisha madai ya kutibu yaliyowekwa kando na kuliondoa agizo. Agizo likiondolewa, kinga nayo imeondoka, na ombi la mgawanyo ulilokwisha kulifungua linabaki uchi. Kabla ya kuomba madai yarudishwe, hesabu kwanza ulichokwisha kukijenga juu ya agizo lile.

Mvumbuzi akihama chuo

Tiba hizi zimezaliwa vyuoni na kwenye hospitali za utafiti, na watafiti huhama. Kesi ya Hubbell ya mwaka 2013 ni onyo. Mtafiti aliyefanya kazi Caltech, chuo cha Marekani, alihamia Zurich. Ombi la Caltech likakutana na hataza ya vyuo vya Zurich yenye wavumbuzi wawili wa pamoja. Wamiliki walikuwa tofauti kabisa, lakini mahakama ilisema kuwa na wavumbuzi wa pamoja kunatosha kuleta pingamizi la urudufu. Na tamko la kuachia muda halikuwezekana, kwa kuwa linadai mmiliki mmoja. Mlango ulifungwa pande zote mbili.

Mlango mdogo uliobaki ni mkataba wa utafiti wa pamoja. Uwe wa maandishi, uwe ulikuwa na nguvu kabla ya tarehe ya ombi au siku ile ile, na majina ya wahusika yaandikwe ndani ya ombi. Kwa mkataba huo tamko linakubalika hata wamiliki wakiwa wawili, ila wote wanajifunga kutotumia hataza hizo kila mmoja kivyake. Mtafiti wa seli anapohama, mikataba ya namna hii iandikwe kabla hajafungasha friza yake. Baada ya maombi kufunguliwa haina msaada.

Leseni pia zina mtego wake. Kesi ya Immunex dhidi ya Sandoz mwaka 2020 iliuliza kama leseni inayompa mtu karibu kila haki inamfanya mmiliki kwa ajili ya urudufu. Kipimo ni kama amepewa haki zote za msingi, hasa ya kushitaki. Pale haki ya kushitaki kwa zamu ya pili ilibaki kwa mtoa leseni, na hataza zikapona. Chuo kinachotoa leseni ya kipekee kwa kampuni yenye hataza zake za jirani kipime sentensi hiyo ya mkataba kabla ya saini. Na hataza zilizofungwa kwa tamko haziuziki mbalimbali: ukiiuza C na kubaki na A, C haina nguvu tena.

Ulaya hadithi ni fupi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa uamuzi G 4/19 wa Juni 2021, inakataza hataza mbili za mwombaji mmoja, kwa tarehe moja, zikidai jambo lile lile. Tofauti ya dhahiri haijatiwa ndani, na tamko la kuachia muda halipo. Madai yanayopita Munich, kwenye ofisi hiyo ya Ulaya, kwa urahisi yanaweza kugongana Marekani, kwa hiyo usinakili seti moja ya madai kwa pande zote.

Urefusho wa baada ya idhini

Siku za fidia zisichanganywe na urefusho unaotolewa kwa dawa iliyochelewa kwenye majaribio. Huo ni wa kifungu cha 156: usiozidi miaka 5, na maisha yaliyobaki tangu idhini yasizidi miaka 14. Unatolewa kwa hataza moja tu ya dawa, na ombi lake lifike ndani ya siku 60 baada ya idhini. Mahakama imesema tamko la kuachia muda haliuzuii urefusho huo, na mwaka 2018 kwenye kesi ya Novartis dhidi ya Ezra ikasema urefusho wenyewe hauwi sababu ya urudufu.

Rudi kwenye tarehe zetu. Seli zikipata idhini 1 Februari 2027, kikomo cha miaka 14 ni 1 Februari 2041. A inayoisha 2039 haiwezi kuvuka hapo, na C iliyopunguzwa hadi Machi 2038 nayo inaweza kufikishwa hapo hapo, hesabu ya muda wa majaribio ikiruhusu, kwa kuwa inahitaji chini ya miaka 3. Kwa hiyo wakati wa kuchagua hataza ya kurefushwa, urefu wa maisha ya asili si kigezo kikubwa. Kigezo ni dai gani lingesimama mahakamani, na ni lipi mshindani hawezi kulizunguka kwa kubadilisha saitokini au kirusi. Mara nyingi hilo ni dai la seli kwa mfuatano wake, hata kama limefungwa kwa tamko.